Voliumu ya Pili

Gitaa la umeme lina ukali wake, msomaji, utokao pale valvu za ampilifaya zinapozidiwa. Katika Marshall za Uingereza za miaka ya 1960, sauti ilibanwa mwanzoni tu; aliyeutaka ukali huo sharti atikise mtaa mzima. Mwaka 1975 zikaja za voliumu mbili: ya kwanza huzichochea valvu ndogo, ya pili hubana kabla ya zile kubwa. Mimi, mtu wa vina na mizani, nausifu ufundi huo, ingawa utamu si uleule: valvu kubwa nazo zilikuwa na lao.

Wengi huziongezea ampilifaya kuukuu voliumu ya pili. Lakini hadhari! Kapasita zake huweza kushika volti 400 na zaidi hata waya ukishachomolewa, nazo huua. Fundi huuondoa kwanza umeme huo kwa rezista, akapima kwa mita, ndipo atie mkono.