Bukavu: chupa zinaokotwa, sashe zinazima umeme

Mvua ikinyesha Bukavu, taka za mitaa ya Kadutu na Ibanda zinashuka na mto Kawa hadi ziwa Kivu. Toka hapo zinafuata mto Ruzizi na kukwama kwenye bwawa la Ruzizi ya 1, lililojengwa miaka ya 1950. Plastiki zinaziba njia ya maji, mashine zinasimama, na mji unabaki gizani.

Kabla taka hazijafika huko, kuna watu wanaopunguza mzigo bila mshahara: vijana na wamama waokota chupa. Chupa nzima inasafishwa, kisha inauzwa tena sokoni kwa wachuuzi wa juisi, maziwa na mafuta ya mawese.

Lakini sashe nyembamba na chupa iliyopasuka hazina mnunuzi, kwa hiyo zinaachwa ziende na maji. Amri ya serikali ya Disemba 2017 ilikataza mifuko hiyo ya plastiki. Hata hivyo ingali mikononi mwa wanunuzi sokoni.

Bwawani, wafanyakazi wanalipwa kuitoa majini. Kama ingenunuliwa kwa kilo mtaani, hata kwa bei ndogo, waokotaji hawangeipita.