Busia: Joto la samaki lapimwa bila kufunua tanuri

Iwapo umewahi kupita katika soko la Busia, hatua chache tu kutoka mpaka wa Uganda, unajua kwamba pua huwafikia akina mama wauza samaki kabla ya macho. Pale kuna omena walioanikwa juani, kuna mbuta wa kukaangwa, na kuna wale weusi wenye kung'aa ambao ndio shabaha ya makala haya: samaki waliobanikwa kwa moshi. Utaona kamongo waliokatwa vipande, mumi waliokunjwa hadi mkia ukaingia mdomoni, na ngege waliopasuliwa. Wengi hutoka Port Victoria, Sio Port na fuo nyingine za Bunyala na Samia.

Mnunuzi humwinua samaki, akamnusa, akambonyeza kwa kidole gumba, kisha akataja bei ya chini. Kidole hicho kinatafuta jambo moja ambalo hata mama aliyembanika huenda hakulijua kwa uhakika. Je, samaki huyu ameiva hadi ndani?

Tanuri lenyewe si kitu cha ajabu. Aghalabu ni kuta za udongo wa kichuguu zenye mdomo wa kutilia kuni chini, na juu yake nyavu za chuma ambapo samaki hupangwa. Wengine hutumia pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa upande mmoja. Juu hufunikwa kwa bati kuukuu, au magunia yaliyoloweshwa, ili moshi usitoroke. Moto huwashwa jioni, na kazi huenda hadi alfajiri.

Sasa, mama atajuaje kwamba mambo yanaendelea vyema humo ndani? Hufunua. Hufunua saa mbili usiku, akafunua tena saa nne, na tena saa sita. Kila anapofunua, moshi humpiga machoni na kifuani, joto alilolijenga kwa kuni za pesa hutoweka kwa dakika moja, na hewa mpya inayoingia huyaamsha makaa yakawa miali. Miali ikilamba mafuta yanayodondoka, samaki wa chini huungua ilhali wa juu bado ni wabichi. Basi hufunika upesi, akaketi, akasubiri kufunua tena.

Yapo mambo mawili ambayo jicho haliwezi kuyaona hata ukifunua mara mia. Kwanza, samaki aliye na maji mengi hujipoza mwenyewe. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto, kama jasho linavyokupoza wewe ukiwa Mombasa. Kwa hiyo hewa ya tanuri yaweza kufika digrii 90 za Selsiasi na mnofu ukawa umekaa kwenye 50 tu. Pili, moto ukiwa mkali mwanzoni, ngozi hukauka haraka ikawa kama ganda la yai, na maji yaliyo ndani yakakosa njia ya kutoka. Huyo utamwona amekauka, anang'aa, anapendeza. Mvunje siku ya tatu utaziba pua.

Wataalamu wa chakula wa Marekani wameweka kiwango: samaki wa kubanikwa kwa moto afikie digrii 63 katikati ya mnofu, mahali palipo na joto dogo kuliko pote, na adumu hapo kwa muda wa nusu saa. Kiwango hicho ni cha ndani ya samaki, wala si cha hewa ya tanuri. Hakuna kiganja kinachoweza kupima katikati ya mnofu. Panahitajika sindano ya kipimajoto, na sindano hiyo lazima iwe na waya inayotoka nje.

Hapo ndipo penye taabu, msomaji, na taabu hiyo naijua kwa sababu niliisababisha mwenyewe.

SHANGAZI NA MITA

Shangazi yangu hubanika samaki upande wa Bunyala. Likizo moja ya Desemba, nikiwa mwanafunzi mwenye kujiona, nilimletea mita ya umeme ya zile ndogo zinazotumiwa na mafundi wa redio. Baadhi ya mita hizo huuzwa pamoja na waya nyembamba ya kupimia joto. Nikaidunga ncha yake ndani ya mumi mnene, nikaipitisha waya chini ya bati la kufunikia, nikalaza jiwe juu ili moshi usipite, na nikaketi kwenye kigoda kama daktari.

Saa tano za usiku mita ilionyesha 80. "Shangazi, wameiva," nikasema. Alisita. Kiganja chake kilimwambia jambo jingine, lakini nani angebishana na kijana aliyesomeshwa kwa samaki hao hao? Akaacha moto ufe. Kulipopambazuka tukawapanga ndani ya tenga, na siku ya pili wakapelekwa Busia.

Mteja wa kwanza alimvunja mumi mmoja katikati. Ndani alikuwa laini, ametota, ana harufu. Habari husafiri haraka sokoni kuliko matatu. Shangazi aliuza baadhi kwa bei ya kutupa na wengine akawatupa kweli, na fedha za kununulia samaki wa juma lililofuata zikawa zimekwenda nao. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, mashine yako ilipima bati." Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la babake.

Alisema kweli kuliko alivyojua. Fundi mmoja wa redio alipoichunguza ile waya, alinionyesha mahali ilipobanwa na jiwe. Ngozi yake ilikuwa imekatwa na ukingo wa bati na kuungua, na nyuzi mbili za ndani zikawa zimegusana.

Wanafunzi, sikilizeni hapa. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Seebeck aligundua kwamba madini mawili tofauti yakiunganishwa, na kiungo hicho kikapata joto kuliko ncha nyingine, jambo la umeme hutokea. Sindano nyingi za kupimia joto kali hutumia njia hiyo hiyo. Umeme unaozaliwa ni mdogo mno: katika aina inayotumika zaidi, ni kiasi cha sehemu 41 za milioni moja ya volti kwa kila digrii. Mita huusoma na kuugeuza nambari. Lakini mita haijui kiungo kiko wapi. Nyuzi zikigusana njiani, pale zilipogusana ndipo panapokuwa kiungo kipya. Kwa hiyo ile 80 ilikuwa joto la ukingo wa bati, na mumi wangu alikuwa peke yake gizani bila mpimaji.

TUNDU LENYEWE

Tangu hapo nimejifunza kwamba kazi yote i katika tundu. Usipitishe waya chini ya kifuniko hata siku moja. Kifuniko huinuliwa, husukumwa na hukalia kila kitu kwa uzito wake. Waya ipite ukutani, kwenye kimo cha wavu wa samaki, upande ulio mbali na mdomo wa kuni.

Kwa tanuri la udongo, tafuta kipande cha bomba la maji la chuma, la nusu inchi, kirefu kidogo kuliko unene wa ukuta. Likizikwa udongo ungali mbichi ni bora zaidi. Ukuta ukiwa umekwisha kukauka, toboa polepole kwa msumari mrefu na maji, kisha uzibe kando kwa udongo uliochanganywa na majivu. Mdomo wa nje uwe chini kidogo kuliko wa ndani ili mvua isiingie. Kwa pipa, toboa kwa keekee na ulainishe kingo kwa tupa mpaka kidole chako kipite bila kukwaruzwa, maana kingo za bati ndizo zilizonimaliza mimi. Kisha tia kipande kifupi cha bomba hapo pia.

Huhitaji tundu la kupitisha plagi. Ingiza sindano kutoka nje kwenda ndani, plagi ibaki nje. Baada ya hapo ziba nafasi iliyobaki kwa tonge la udongo laini ambalo utalibandua asubuhi. Usizibe kwa plastiki wala sifongo ya godoro, kwani zitayeyuka na samaki watabeba sumu yake.

Lipo jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Acha waya ilegee pande zote mbili ifanye tumbo, iteremke chini ya tundu kabla ya kupanda tena. Ndani, mafuta ya samaki yanayotambaa juu ya waya yatadondoka hapo badala ya kuingia bombani. Nje, utomvu wa moshi na maji ya mvua yatadondoka kabla ya kuifikia mita. Mita nyingi hufa kwa maji yaliyotambaa kwenye waya, huku mwenyewe akilaumu betri.

Waya nayo ichaguliwe. Ngozi ya plastiki ya kawaida, kama ya nyaya za redio, hulegea hata kabla ya maji kuchemka. Ya silikoni huvumilia hadi kama digrii 200, na ya nyuzi za kioo au iliyosukwa kwa chuma cha pua huenda mbali zaidi. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayostahili kulazwa motoni. Na waya ikiwa fupi, usiiunge kwa kipande cha shaba ulichookota kwa fundi. Kwa aina hii ya Seebeck, kiungo hicho nacho kitatoa umeme wake na kuipotosha nambari. Sogeza mita.

Sindano idungwe katika sehemu nene, nyuma ya kichwa kando ya uti wa mgongo, ncha isiguse mfupa wala wavu. Mchague samaki mnene kuliko wote, aliye mahali penye joto dogo. Akiiva yeye, wenzake wameiva. Ukiwa na sindano ya pili, ining'inize hewani karibu na samaki ili ujue lini utoe kuni na lini uongeze.

Kabla ya kuamini nambari yoyote, ijaribu. Jaza kikombe barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, tia ncha: isome sufuri. Kisha ijaribu katika maji yanayochemka, na hapa kuna mtego. Kitabu cha shule husema 100, lakini hiyo ni ya Mombasa usawa wa bahari. Busia iko kwenye kimo cha kama mita 1,200, ambako maji huchemka karibu na digrii 96. Nairobi ni chini zaidi, kama 94. Nimemwona mtu akitupa kipimajoto kizima kabisa kwa kosa la kusema kweli.

SI MAMBO YA KIZUNGU TU

Huenda ukasema bibi zetu walibanika bila waya. Ni kweli, na walifanya vyema. Walakini samaki wa bibi aliliwa kijijini. Huyu wa leo hupakiwa katika matenga, akapitia Busia, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, au Malaba penye foleni za malori, na huenda akakaa siku nyingi kabla ya kufika chunguni.

Tena Wazungu wenyewe walibanika kwa kukisia kwa karne nyingi. Ni mwaka 1939 ndipo watafiti wa kituo cha Torry, mjini Aberdeen huko Uskoti, walipounda tanuri ambalo joto na mwendo wa moshi viliweza kuongozwa. Waghana walikuwa na njia yao: tanuri la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, lina nyavu zenye fremu za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine na kubadilishwa zamu. Ukitumia nyavu za namna hiyo, kumbuka kuichomoa sindano kabla ya kubadilisha, la sivyo utaikata waya.

Moto mkali nao una madhara ambayo hayaonekani. Kuni zikiungua kwa miali na mafuta yakidondokea humo, hutokea kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango unachokubali katika samaki wa moshi mwaka 2014: kwa kemikali moja iitwayo benzopirini, ni sehemu mbili za milioni moja ya gramu kwa kilo nzima. Mama anayeona kwenye mita kwamba hewa inapanda mno huchomoa gogo moja, na miali hushuka.

Shangazi sasa ana bomba lake ukutani, limezibwa kwa tonge la udongo, na mita inaning'inia kwenye msumari chini ya paa la nyasi. Ikifika 63 huwasha taa ya simu, akaangalia saa, na kuhesabu nusu saa. Hata hivyo hajaacha mtindo wake. Kabla ya kuitazama mita hupeleka kiganja juu ya bati, akafumba macho na kutaja nambari. Mwanzoni alikuwa akikosea kwa digrii kumi au zaidi. Likizo iliyopita alitaja 58, mita ikasema 60, akaniambia niitazame tena betri.