Kuirudisha akili nyumbani: uzingativu ni nini na unamsaidiaje mkazi wa Ronge?

Mahindi yanapokaribia kukomaa, wengi wanaolima maeneo ya chini ya Ronge Nyika hulala kwa zamu. Ndovu mmoja akiingia shambani usiku, kazi ya msimu mzima inaweza kuisha kabla ya alfajiri. Kule Ronge Juu, mzazi mwingine yuko macho kwa sababu ya karo, mgonjwa aliye nyumbani au mvua iliyochelewa. Mwili uko kitandani lakini akili haipo: iko shambani, iko shuleni, iko kwa mtu anayemdai.

Hali hiyo ikidumu wiki baada ya wiki, kichwa huuma, usingizi hupotea na hasira huwaangukia watoto ambao hawana kosa. Uzingativu ni mojawapo ya njia ambazo wataalamu wa afya hutumia kupunguza mzigo huo. Hauhitaji vifaa wala fedha, na mtu anaweza kuanza kwa dakika tano tu kwa siku.

Maana yake

Uzingativu ni kutambua kwa makusudi, bila kujilaumu, kinachotendeka sasa hivi: mwili unahisi nini, akili inawaza nini, na mbele ya macho pana nini. Si kufuta mawazo, kwa kuwa kazi ya akili ni kuwaza. Anayefanya zoezi hili hujifunza kutambua kwamba akili imekwenda mbali, kisha kuirudisha pole pole. Hata ikitoroka mara hamsini, kuirudisha mara hamsini ndiko kufanya zoezi lenyewe.

Asili yake

Mazoezi haya yana mizizi katika mafundisho ya Kibudha yaliyoanzia India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika lugha ya Kipali, ambayo mafundisho hayo yalihifadhiwa kwayo, neno linalotumika ni sati, na maana yake ya asili inakaribiana na kukumbuka.

Yaliingia hospitalini mwaka 1979, wakati mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo tiba ya kawaida haikuyamaliza. Mafunzo hayo hayakuhitaji mtu awe wa dini fulani. Mkristo, Mwislamu au mtu wa imani nyingine anaweza kufanya zoezi la kupumua bila kuacha sala zake.

Wazee wa Taita nao walikuwa na elimu yao kuhusu moyo uliojaa. Katika desturi ya kutasa, mtu alijaza kinywa maji, maji ya miwa au pombe ya miwa, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya heri na amani. Mtafiti Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1978. Imani ilikuwa kwamba hasira iliyofichwa moyoni huweza kuleta maradhi na mikosi kwa jamaa, kwa hiyo ilipaswa kutolewa. Kutasa ni ibada, na uzingativu ni zoezi la akili, havilingani. Hata hivyo vinakutana mahali pamoja: mtu hawezi kuachilia hasira ambayo hajakubali kwamba anayo.

Jinsi ya kufanya

1. Keti mahali salama, nyayo zikigusa ardhi. Si lazima kufumba macho.
2. Hisi pumzi ikiingia na kutoka. Usiilazimishe.
3. Akili ikitoroka, taja kimoyomoyo ilikokwenda: "nawaza karo" au "nina hasira". Usijigombeze.
4. Irudishe kwenye pumzi, au kwenye nyayo zilizo chini.
5. Endelea kwa dakika tano. Fanya hivyo kila siku, ikiwezekana saa ile ile.

Asiye na nafasi ya kuketi anaweza kufanya zoezi akiwa kazini. Anayepanda mlima na mzigo wa kuni azingatie kila hatua na uzito wake mgongoni. Anayepukuchua mahindi azingatie punje zinavyopita vidoleni. Anayelinda shamba usiku asifumbe macho: asikilize sauti moja moja, ya upepo, ya mbwa na ya majani. Akifanya hivyo atakuwa macho zaidi kuliko akikesha huku akili ikizungukia madeni. Mwendeshaji bodaboda asubiri hadi aegeshe pikipiki.

Faida zilizothibitishwa

Mwaka 2022, watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi. Kundi moja lilifuata mafunzo ya wiki 8 ya uzingativu, na jingine lilitumia dawa ya escitalopram. Wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Hilo halina maana kwamba anayetumia dawa aiache. Uamuzi huo ni wa kufanywa pamoja na daktari.

Karibu na nyumbani, Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya vikao 5 yenye mazoezi ya aina hii, yakitolewa kwa sauti iliyorekodiwa. Yalijaribiwa kaskazini mwa Uganda kwa wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, katika makazi ya Rhino Camp. Waliosimamia vikao hawakuwa madaktari bali watu waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa wamepata nafuu zaidi ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Mipaka yake

Uzingativu haumfukuzi ndovu wala haulipi karo. Aliyeharibiwa mimea bado anapaswa kuripoti kwa chifu na kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Zoezi humsaidia kufika huko akiwa na akili iliyotulia, badala ya kumalizia uchungu wake kwa pombe au kwa jamaa zake.

Pia haumfai kila mtu kwa kila wakati. Aliyepitia tukio la kutisha anaweza kuona kumbukumbu zikimrudia akinyamaza. Ikitokea hivyo, afungue macho, ataje vitu anavyoviona karibu naye na aache zoezi. Halafu azungumze na mhudumu wa afya.

Msaada unapohitajika

Huzuni au wasiwasi ukizidi wiki mbili, usingizi ukipotea kabisa, pombe ikizidi au mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asibaki nyumbani akitumaini pumzi pekee. Amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aende zahanati iliyo karibu, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Mwatate au Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyoko Voi. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, na kuzitafuta si aibu.

Mtu mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, au apigiwe Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kupitia nambari 1199, bila malipo.