Meli imetia nanga Singapore, ndege ni usiku: siku inayomchosha mtoto kuliko zote

Usiku wa mwisho kwenye meli ya kitalii, korido hugeuka ghala. Kila familia hutoa masanduku nje ya mlango wa chumba kabla ya saa sita usiku, yakiwa yamefungwa vitambulisho vya rangi, na wahudumu huyakusanya watu wakiwa wamelala. Asubuhi masanduku hayo huwa kwenye ukumbi wa bandari, na abiria huteremshwa kwa makundi kwa kufuata rangi zao. Ni utaratibu mzuri, ila hakosekani baba anayeamka na kukuta amebaki na nguo ya kulalia na kandambili, suruali yake ikiwa imeondoka na sanduku.

Suruali si shida kubwa. Shida ni pale sanduku linapoondoka na dawa ya pumu ya mtoto, kipimajoto, paracetamol ya maji na kadi ya njano ya chanjo. Vitu hivyo, pamoja na pasipoti, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, vinapaswa kulala ndani ya chumba kwenye begi la mgongoni. Begi hilo ndilo litakaloibeba familia siku nzima inayofuata.

Na siku hiyo ni ndefu. Singapore ni moja ya bandari ambako safari nyingi za meli barani Asia huishia. Zipo zinazoanzia Hong Kong na kushuka kupitia Vietnam na Thailand, na zipo fupi zinazozunguka Penang na Phuket kisha kurudi hapohapo. Meli hutaka abiria wake wawe wameshuka asubuhi, kwa sababu wengine wanapanda mchana. Kwa familia inayorudi Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kwa kuunganisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa, safari ya anga inaweza kuwa ya usiku. Katikati hapo zinabaki saa kumi au zaidi bila chumba, bila kitanda na bila choo cha kwenu.

Wazazi wengi huzitumia saa hizo kwa hesabu ya fedha: tumelipa nauli kubwa, kwa hiyo tuone kila kitu. Hesabu ya mtoto ni nyingine. Amelala vibaya kwa sababu ya heka heka za kufunga mizigo, ameamshwa mapema, kifungua kinywa amekila kwa haraka, na usiku ana ndege ya saa nyingi. Kumpeleka mtoto huyo kwenye bustani ya michezo ya Sentosa akapange foleni juani hadi jioni ni kununua kilio kwa bei ghali.

Kama kuna fedha ya ziada ya kutumika mahali pamoja tu siku hiyo, bora ilipie chumba cha hoteli kwa saa chache za mchana. Watoto wataoga, watalala, na mama anayenyonyesha atapata pa kukaa. Kama haipo, masanduku yanaweza kupelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege wa Changi, ambako kuna kaunta za kuhifadhi mizigo kwa malipo, kisha familia ikarudi mjini kwa treni ikiwa na begi moja. Singapore ina bandari mbili za meli za kitalii, Marina Bay na HarbourFront, hivyo soma tiketi kabla ya kumwelekeza ndugu anayekuja kuwapokea. Ukiita gari binafsi kwa programu ya simu, sheria inataka mtoto aliye chini ya sentimita 135 awe na kiti chake maalumu. Teksi za kawaida zimesamehewa sharti hilo, ingawa msamaha wa sheria haumlindi mtoto breki zikishikwa ghafla.

Sakafu inayoyumba

Baada ya siku kumi baharini, mtoto anaweza kusimama kwenye ukumbi wa bandari na kusema jengo linatikisika. Hadanganyi. Sehemu ya ndani ya sikio na ubongo wake vilikwishazoea mwendo wa meli, na sasa vinaendelea kuusubiri wakati sakafu imetulia. Kwa watu wengi hali hiyo huisha ndani ya saa chache hadi siku mbili. Dawa za kichefuchefu cha safarini hazisaidii sana hapa na nyingi humlevya mtoto usingizi, kwa hiyo ziachwe. Mshike mkono kwenye ngazi za umeme, mpe maji, mwache akae. Kizunguzungu kikiambatana na homa, kutapika au maumivu makali ya kichwa, hilo si suala la meli tena.

Joto nalo lina hila. Singapore iko kilomita 137 tu kaskazini mwa ikweta, na mtu wa Tanga au Mombasa ataitambua hewa yake mara moja: nzito, yenye unyevu, inayolowesha shati kabla ya saa nne asubuhi. Tofauti ni kwamba kule kila duka, treni na jumba la makumbusho lina kiyoyozi kikali. Mtoto anatoka jasho, anaingia kwenye baridi, anatoka tena, na katikati ya mizunguko hiyo anasahau kunywa maji. Kanga moja kwenye begi itamfunika ndani na kumkinga jua nje. Maji ya bomba ni salama kunywa, basi jaza chupa popote. Ila mnyweshe kabla ya kuingia kituo cha treni, maana kula na kunywa ndani ya treni na vituo vyake ni marufuku na kuna faini.

Sehemu mbili zinatosha

Asubuhi ingefaa iwe ya ndani ya jengo. Jumba la makumbusho la Asian Civilisations, kando ya mto Singapore, lina chumba ambacho mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kukiona. Humo imewekwa shehena ya jahazi lililozama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998. Lilikuwa limebeba makumi ya maelfu ya vyombo vya kauri kutoka China, vingi vikiwa bakuli zilizochorwa kwa mkono, ndege hapa, maua pale. Mbao za jahazi hilo hazikupigwa msumari. Zilishonwa kwa kamba, kama mitepe iliyokuwa ikisafiri kati ya Lamu na Zanzibar. Mwaka 2010 jahazi la mfano huo, lililoundwa Oman kwa kushonwa vilevile na kupewa jina la Jewel of Muscat, lilisafiri kwa tanga hadi Singapore likiwa zawadi ya Oman. Mtoto aliyetoka kuishi kwenye meli yenye lifti na mabwawa ya kuogelea ataelewa zaidi ya mzazi anavyodhani akiambiwa kuwa watu walivuka bahari hiyohiyo kwa chombo cha kamba.

Mchana, nendeni Kampong Glam. Mitaa yake inaitwa Arab, Baghdad, Muscat, na wengi wa Waarabu waliojenga maisha hapo walitoka Hadhramaut, kulekule walikotoka Washihiri wa Mombasa, Lamu na Unguja. Msikiti wa Sultan, uliokamilika mwaka 1932, una kuba la dhahabu, na chini ya kuba kuna mkanda mweusi unaong'aa. Mwambie mtoto aukazie macho: ule mkanda ni vitako vya chupa, vilivyotolewa na Waislamu wa kipato cha chini ili nao wawe na mchango wao kwenye ujenzi.

Chakula kipo hapo jirani: biriani, mutabaki, na prata ambayo mtoto ataiita chapati na hatakosea. Kumbi za chakula za umma, zenye vibanda vingi chini ya paa moja, ni nafuu na chakula hupikwa mbele ya macho. Utamaduni wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020. Pakiti ya tishu ikiwa juu ya meza tupu, meza hiyo ina mwenyewe. Ukimaliza, rudisha sinia na vyombo, kwani tangu 2021 ni kosa kuviacha mezani. Mzazi mwenye mtoto anayedhurika na karanga aulize kila kibanda, kwa sababu karanga zimo kwenye mchuzi wa mishikaki na kwenye vyakula vingine usivyovidhania. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula. Vitakasa mikono vyenye spiriti haviwezi vizuri norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha kinachosumbua meli za kitalii.

Kama jioni bado kuna nguvu, na iwe kama tu ipo, miti mirefu ya chuma ya Gardens by the Bay huwashwa taa na muziki saa 1:45 na saa 2:45 usiku, bila kiingilio. Ndani ya jumba lake la maua, ambalo hulipiwa, kuna mibuyu iliyosafirishwa kutoka Afrika. Inachekesha kidogo kusafiri mbali hivyo na kulipa kuona mbuyu, lakini watoto huupenda.

Homa ya siku ya mwisho

Hili ndilo la kulisoma mara mbili. Mtoto akipata homa Singapore, daktari wa pale atafikiria mafua, dengue, au kirusi alichokitoa melini. Huenda asifikirie malaria haraka, kwa sababu nchi hiyo ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria tangu 1982. Lakini vimelea vya malaria inayopatikana zaidi kwetu huanza kuonyesha dalili kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya mtu kuumwa na mbu, na wakati mwingine zaidi. Familia iliyoondoka Morogoro au Kisumu siku kumi na mbili zilizopita inaweza kuwa ilibeba ugonjwa huo kutoka nyumbani, ukavuka bahari yote kimyakimya, ukajitokeza siku ya kushuka. Mzazi ndiye wa kulitamka neno: tunatoka eneo lenye malaria, tunaomba mtoto apimwe. Asisubiri kuulizwa, na asiseme tutapima tukifika nyumbani. Kwa mtoto mdogo, saa ishirini za safari ni nyingi mno. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 995, na hospitali ya KK ina kitengo cha dharura cha watoto. Mgeni hulipa gharama kamili, kwa hiyo karatasi za bima nazo ni za begi la mgongoni.

Upande wa pili wa mambo huonekana baada ya kurudi. Vietnam, Thailand na Singapore yenyewe zina dengue. Mbu wake huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza kivulini, ndiyo maana dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu inatakiwa tangu asubuhi. Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa, yaani wakati mtoto ameshavaa sare na kurudi darasani. Anachemka, anapimwa malaria, majibu hayaonyeshi kitu, na nyumbani anapewa dawa ya maumivu yoyote iliyopo kabatini. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Ibuprofen, diclofenac na aspirin zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa wa dengue. Inayofaa ni paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, pamoja na vinywaji vingi. Wakati wa hatari zaidi huwa pale homa inaposhuka na nyumba nzima inashusha pumzi. Akianza kulalamika tumbo linauma sana, akitapika mfululizo, fizi zikivuja damu au akilegea na kusinzia ovyo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuna wazazi wanaoficha. Mtoto ametapika usiku wa kuamkia kushuka, wanaogopa kuzuiliwa na kukosa ndege, wanamfuta uso na kumvalisha kofia. Hofu yao inaeleweka, maana kubadilisha tiketi za watu wanne si mchezo. Hata hivyo kituo cha afya cha meli bado kiko wazi asubuhi hiyo, na mtoto anayetapika anapoteza maji haraka kuliko mtu mzima. Muuguzi wa meli anaweza kumpima, kuwaeleza kama anaweza kusafiri, na kuwaandikia alichokikuta na dawa alizopewa. Karatasi hiyo iombwe kabla ya kushuka ngazi, hata kama mtoto aliugua siku ya tatu ya safari na akapona. Daktari wa Dar es Salaam atakayempokea na homa wiki ijayo ataanzia hapo.