Madini ya Masisi na Walikale katika Historia ya Balbu

Balbu ya umeme, ambayo wakaaji wengi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, huiita ampuli, haikuvumbuliwa na mtu mmoja kama inavyodhaniwa, kwani Joseph Swan wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani waliifikisha kwenye hatua ya kutumika karibu wakati mmoja, mnamo 1879, kila mmoja akipitisha umeme katika uzi mwembamba wa kaboni uliofungiwa ndani ya chupa iliyoondolewa hewa, ili uzi uwake bila kuteketea. Hata hivyo kaboni haikustahimili joto kali kwa muda mrefu, na kule kutafuta kitu cha kuchukua nafasi yake ndiko kulikoiunganisha taa na madini ya aina ile ile inayochimbwa leo Masisi na Walikale, maeneo ambayo kijiji cha Ntoto kiko karibu na mpaka wake.

Kati ya madini hayo, ya kwanza kutumika ilikuwa tantali, metali inayopatikana katika koltani, jiwe lililoipa Rubaya ya Masisi umaarufu wake. Kampuni ya Siemens & Halske ya Ujerumani ilianza kuuza balbu za tantali mnamo 1905, miaka ambayo mawe ya Masisi yalikuwa bado ardhini, na kila balbu ilihitaji uzi mrefu uliopandishwa na kushushwa kwenye vishikizi vidogo. Haikudumu sokoni, kwa sababu tungsteni, metali ya wolframiti ambayo nayo huchimbwa Kivu na Maniema, huyeyuka kwa nyuzi 3,422 za Selsiasi, na William Coolidge wa General Electric alipogundua namna ya kuivuta iwe waya, karibu 1910, ilitawala kwa takriban karne nzima. Bati, ambalo Bisie ya Walikale hulitoa kwa wingi, nalo hutumika katika lehemu, yaani metali laini inayounganisha nyaya za taa.

Umeme wenyewe haukufuata njia ya madini. Goma imeutegemea mto Ruzizi, ambao bwawa lake la kwanza lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye kituo cha Matebe huko Rutshuru, kilichozinduliwa 2015, ilhali vijiji kama Ntoto vilibaki mbali na nyaya.

Kwa vijiji hivyo, badiliko lililo kubwa pengine kuliko la Edison ni taa ya LED, ambayo haina uzi wa kuchomwa bali kipande kidogo cha kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi na kutoa mwanga moja kwa moja. Wagunduzi wa LED ya buluu, iliyowezesha mwanga mweupe, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel 2014. Balbu ya tungsteni ya wati 60 hupoteza zaidi ya sehemu tisa za kumi za umeme wake kwa joto, lakini LED ya wati 10 hivi hutoa mwanga ule ule, na kwa hiyo paneli ndogo ya jua na betri hutosha nyumba nzima, ingawa betri hiyo kwa kawaida huchakaa miaka mingi kabla ya taa.