Kifo cha Edith Keeler na Maswali Yasiyoisha ya Mashabiki

Tarehe 6 Aprili 1967 televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha sehemu ya 28 ya tamthilia ya Star Trek, iliyopewa jina "The City on the Edge of Forever". Kilele chake ni kifupi mno. Mwanamke anavuka barabara, lori linakuja, na mwanamume anayempenda anamkumbatia rafiki yake kwa nguvu ili asiende kumwokoa. Tangu siku ile mashabiki hawajaacha kuijadili, na anayefuatilia mijadala yao huona jambo la ajabu: watu wale wale waliolia ndio wanaokagua mantiki ya kisa hatua kwa hatua, wakihoji kwa nini hiki kilitokea na kile hakikutokea.

Asiye shabiki hukereka. Humwona mwenzake kama mtu aliyeacha utamu wa hadithi akaanza kuhesabu misumari ya jukwaa. Mimi nawatetea. Katika hadithi za kusafiri kwenda wakati uliopita, kukagua mantiki na kuomboleza ni kitendo kimoja, na sehemu hii ya Star Trek inalionyesha hilo kuliko nyingine yoyote ninayoijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Daktari McCoy wa chombo cha anga Enterprise anajidunga kwa bahati mbaya dozi kubwa ya dawa, anapagawa, anashuka kwenye sayari iliyo chini yao na kujirusha ndani ya lango la mawe linaloongea, liitwalo Guardian of Forever. Lango hilo humrudisha mtu nyuma katika wakati. Papo hapo Enterprise inatoweka, kwa sababu huko McCoy alikokwenda amegusa kitu na historia yote imegeuka. Kapteni Kirk na Spock wanamfuata. Wanatua New York ya mwaka 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kupata kibarua cha usafi, senti 15 kwa saa, kwenye nyumba ya kuwalisha maskini inayoendeshwa na Edith Keeler, aliyeigizwa na Joan Collins. Kirk anampenda. Spock anaunga mtambo kwa vipuri vya redio, na ndani yake wanasoma habari mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya mwaka 1930, inatangaza kifo cha Edith katika ajali ya barabarani. Ya pili ni ya mwaka 1936, na humo Edith anakutana na Rais Roosevelt. Akiishi ataongoza vuguvugu la amani, Marekani itachelewa kuingia vitani, na Ujerumani itatengeneza bomu la atomiki kabla ya wengine na kuitawala dunia. Kwa hiyo Edith, mtu mwema kuliko wote katika hadithi hii, lazima afe.

Swali la kwanza la mashabiki, na ndilo gumu zaidi, ni hili: kwa nini wasimchukue waende naye karne ya 23? Akiondoka New York mwaka 1930 hatakutana na Roosevelt mwaka 1936. Vita vitakwenda kama vilivyokwenda, na Kirk atabaki na mpenzi wake.

Tazama swali hilo linafanya nini. Anayeliuliza anatafuta njia ya kumwokoa Edith, jambo lile lile ambalo Kirk angelitafuta usiku kucha. Njia hiyo ikiwepo, Kirk si shujaa aliyelipa gharama kubwa. Ni mtu aliyekosa akili, na kifo kile ni uzembe. Ndiyo maana mashabiki wengine huharakisha kujibu, na jibu lao limo ndani ya hadithi yenyewe: lango haliko mikononi mwa Kirk. Wakiwa New York hawana kifaa cha kulifungua. Waliambiwa tangu mwanzo kwamba wakifaulu kuisahihisha historia watarudishwa, na kweli hawarudishwi mpaka Edith amekwisha kufa. Hakukuwa na mlango wa kumpitishia. Jibu hilo likisimama, kifo kinabaki na uzito wake wote. Wanaobishana hapa wanafanana na mashabiki wa mpira wanaogombania kama mfungaji alikuwa ameotea: hawabishanii mstari, wanataka kujua kama bao lile ni halali kulishangilia.

Swali la pili ni la mzururaji. McCoy anapotua New York akiwa bado amepagawa, anakutana na fukara mmoja gizani. McCoy anapozirai, fukara yule anampekua, anachukua silaha yake, anaichezea asijue ni nini, na silaha inamyeyusha akatoweka kabisa. Tukio zima halifikii hata dakika chache, na hadithi hailitaji tena. Mashabiki waliliona. Ikiwa uhai wa mwanamke mmoja unaweza kuigeuza dunia, iweje kifo cha mtu huyu kisigeuze chochote? Je, hakuwa na mtoto ambaye angezaliwa? Hakuwa na kazi ambayo angeifanya?

Swali hilo linanigusa kwa sababu mwandishi wa kwanza wa kisa hiki, Harlan Ellison, alikuwa ameliuliza yeye mwenyewe. Katika muswada wake wa awali kuna mlemavu asiye na miguu, aitwaye Trooper, aliyepigana Verdun katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Anawasaidia Kirk na Spock na anauawa kwa ajili yao. Mwishoni Kirk anauliza kuhusu mtu huyu, na anajibiwa kwamba katika mizani ya historia hakuwa na uzito. Ni jibu la kikatili, na Ellison alilikusudia liwe hivyo: wakati unamjali Edith kwa sababu ya Roosevelt na bomu, haumjali aliyetoa miguu yake Verdun. Watayarishaji walimwondoa Trooper. Akabaki yule fukara wa gizani, na nafasi aliyoiacha Trooper ikaonekana na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuusoma muswada.

Mabadiliko hayo ndiyo chanzo cha ugomvi mkubwa uliofuata. Muswada wa Ellison ulipitia mikono ya waandishi kadhaa wa Star Trek, miongoni mwao Gene Coon na D.C. Fontana, na mtayarishaji mkuu Gene Roddenberry mwenyewe. Ellison alikasirika kiasi cha kutaka jina lake liondolewe na kuwekwa jina la bandia alilolitumia kwa kazi zilizoharibiwa, Cordwainer Bird. Hawakumkubalia. Kisha zikaja tuzo. Mwaka 1968 sehemu hiyo ilishinda tuzo ya Hugo, ambayo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la hadithi za kisayansi, yaani mashabiki wenyewe. Kazi zote tano zilizogombea katika kundi hilo mwaka ule zilikuwa sehemu za Star Trek. Chama cha waandishi wa Marekani nacho kilimpa Ellison tuzo, lakini kwa muswada wake wa awali, ule ambao haukurushwa. Mashabiki waliipigia kura hadithi waliyoiona na waandishi wakaituza hadithi waliyoisoma.

Tofauti kubwa iko kwenye barabara ile. Katika muswada wa Ellison, Kirk anashindwa. Mapenzi yanamzidi nguvu, yuko tayari kuuacha ulimwengu mzima uende ili Edith aishi, na ni Spock anayezuia uokoaji. Katika iliyorushwa, Kirk mwenyewe anamkamata McCoy na kufumba macho. Mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema Kirk wa Ellison ni binadamu zaidi, na wapo wanaosema nahodha anayeshindwa kutenda hawezi kesho yake kuongoza chombo chenye watu zaidi ya mia nne. Mimi niko upande wa iliyorushwa. Msiba wa Kirk unakuwa mzito zaidi kwa kuwa mikono iliyozuia ni yake. Lakini namlilia Trooper.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuliangalia kwa jicho lake. Historia inapogeuka na Enterprise kutoweka, miongoni mwa walioachwa kwenye sayari ile tupu ni Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Ndiye anayemwambia nahodha wazi kwamba anaogopa. Katika tamthilia hii Uhura ni Mwafrika ambaye Kiswahili ni lugha yake, na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, anasemeshwa Kiswahili. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo, Martin Luther King alimwambia ni shabiki wa tamthilia na akamsihi abaki, kwa sababu watu walikuwa wanamwona mweusi akiwa na nafasi ya heshima katika siku zijazo. Ukiitazama upya "The City on the Edge of Forever" ukijua hayo, unaelewa kilichopotea Edith anapoishi: Ujerumani ya Hitler ikishinda, karne ya 23 yenye Uhura ndani yake haipo. Tamthilia hailisemi hilo kwa maneno. Inamsimamisha tu pale, hana chombo wala nyumbani.

Siyo kila hadithi ya kusafiri kwenda wakati uliopita ina sheria zile zile. Wanafizikia wenyewe hawajafunga mjadala. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu, kwa hesabu, njia inayorudi wakati uliopita. Mwanafizikia Igor Novikov alipendekeza kwamba hata ukirudi huwezi kubadilisha kilichokwisha kuwa, na tamthilia ya Kijerumani ya Dark (2017 hadi 2020) imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya duara la namna hiyo. Mashabiki huikubali sheria yoyote utakayowapa. Wasichokubali ni kuibadilisha katikati ya safari.

Ushahidi mzuri ni wa Tasha Yar. Mwaka 1988, katika Star Trek: The Next Generation, ofisa huyo wa usalama aliuawa na kiumbe cha mafuta meusi kwa ishara moja tu, bila pambano, bila sababu, kwa vile mwigizaji Denise Crosby alitaka kuondoka. Mashabiki wengi waliona kifo kile hakina maana. Watayarishaji walipofungua mlango wa kupokea miswada kutoka kwa watu wa nje, shabiki mmoja, Trent Christopher Ganino, aliwasilisha kisa kilichokuja kuwa msingi wa "Yesterday's Enterprise", iliyorushwa Februari 1990. Historia inageuka, Yar yuko hai, na anaambiwa kwamba katika historia iliyo sahihi alikufa bure. Anaomba ruhusa ya kurudi nyuma miaka 22 na chombo kinachokwenda kuangamia, ili safari hii kifo chake kiwe na faida. Malalamiko ya watazamaji yamegeuzwa kuwa mazungumzo ndani ya hadithi, na mwigizaji aliyeondoka ameitwa kuja kuyapokea.

Mwaka 1991 waandishi walirudi tena kwake. Katika "Redemption" tunaambiwa kwamba Yar hakufa vitani. Alitekwa na Waromulan, jamii adui katika tamthilia hii, akazaa binti, na alipojaribu kutoroka naye binti huyo alipiga kelele, mama akauawa. Baadhi ya mashabiki walichukia, na nilipoitazama nilikuwa nao. Hawakulalamika kwamba mwisho wake ni wa huzuni. Walilalamika kwamba kifo ambacho yeye mwenyewe alikiomba, akijua, kimechukuliwa kutoka mikononi mwake.