Mkutubi wa shule na vishikwambi

Leo tunazungumza juu ya mkutubi wa shule, yaani mtunza maktaba.

Mwaka 2013, UNHCR na Vodafone Foundation walianza kuweka vishikwambi, intaneti na umeme wa jua katika shule za wakimbizi, zikiwemo za Kakuma na Dadaab nchini Kenya. Lakini kifaa peke yake hakifundishi. Kinahitaji mtu wa kukisimamia.

Mkutubi ana kazi gani hapo?

Kwanza, huhakikisha vifaa vimejaa chaji kabla ya kipindi, na huandika daftarini nani amechukua kipi.

Pili, hupakua masomo mapema. Programu kama Kolibri huwezesha wanafunzi kusoma hata intaneti ikikatika.

Tatu, hupanga zamu, ili msichana anayewahi kwenda kuteka maji naye apate nafasi.

Nne, na hili ni kubwa, hufundisha kuchunguza habari. Ujumbe ukisema, "Tuma pesa upelekwe nchi ya tatu," mwanafunzi ajiulize: Nani ameandika? Ameandika lini? Anataka nini kwangu? Huduma za UNHCR ni bure. Anayekudai malipo ni tapeli.

Nawe mzazi, ulizia shuleni saa za kufungua maktaba, umruhusu mwanao aende. Na ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye simu yako, keti naye mjibu maswali hayo matatu kabla hujatuma hata shilingi moja.